Kuanzia Mdomoni Hadi Kwenye Spika: Tulivyorekodi Nyimbo za Jubilei kwa Kompyuta

Mazungumzo ya kamati ya kurekodi mbele ya wanakwaya na waumini, Bulla Pesa, Isiolo



Tumeombwa tuseme jinsi nyimbo 12 za jubilei zilivyorekodiwa, kwa sababu wengi wenu mmekuwa na maswali mawili. La kwanza: kwa nini kazi ilichukua miezi mingi hivyo, ilhali kwaya nyingine huenda studio Nairobi na kurudi na nyimbo baada ya siku mbili? La pili liliulizwa kwa sauti ya chini, na tunajua kwa nini: sauti ya mama yetu wa sauti ya pili, aliyetutoka kabla kazi haijaisha, mbona haikunyooshwa, na kompyuta ina uwezo huo? Tutajibu yote mawili. Lakini mtuvumilie tupite kwanza kwenye waya na vifungo, maana jibu la swali la pili limo humo ndani.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi: laptopu moja ya mitumba, programu ya Reaper, maikrofoni mbili, hedifoni nne, na kile kisanduku kidogo chenye matundu mawili kinachopokea waya wa maikrofoni na kupeleka sauti kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Tutakiita kisanduku tu. Ndicho kinachogeuza mtetemo wa sauti kuwa namba, kwa sababu kompyuta haijui kuimba, inajua kuhesabu. Kila sekunde kisanduku hupima sauti mara 48,000 na kuandika kila kipimo. Studio yetu ilikuwa sebule ya mwanakwaya mmoja hapa Bulla Pesa, iliyotundikwa mablanketi ukutani na magodoro mawili yaliyosimamishwa kwenye kona. Wageni walidhani watu wanahama.

Kwa nini sebule badala ya studio ya mjini? Gharama ni sababu mojawapo, na hatutaificha. Kusafirisha watu 30 na zaidi, kuwalisha na kuwalaza, kungemaliza mchango wote kabla mtu hajafungua mdomo. Lakini sababu kubwa ni wazee wetu. Wapo kati yetu wanaojua sehemu za sauti ambazo hazijaandikwa popote, wala kwa noti wala kwa do-re-mi. Wengine hawawezi kukaa garini saa tano. Studio ya kukodi huhesabu saa. Mzee akichoka, pesa inaendelea kwenda. Sebuleni, mzee akichoka tulikunywa chai.

Na jambo hili si jipya katika Afrika yetu. Ile Missa Luba maarufu, iliyoimbwa na vijana na walimu wao wa Kamina, Kongo, chini ya Padre Guido Haazen, ilirekodiwa mwaka 1958. Sehemu kubwa yake haikuwa imeandikwa. Waimbaji waliibuni wakiimba. Waliotaka kuiimba baadaye walilazimika kuisikiliza ile sahani na kuandika walichosikia. Ndiyo maana miaka zaidi ya 30 baadaye Muungano National Choir ya hapa Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliweza kuirekodi upya, na ikasikika dunia nzima. Kama ile rekodi ya kwanza isingekuwapo, kusingekuwa na cha kurithi. Sisi hatujilinganishi na Kamina. Tunasema tu kwamba wimbo usioandikwa huishi mahali pawili, kifuani mwa mtu na katika rekodi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Adui wetu wa kwanza alikuwa kelele za mji. Mnaijua Isiolo. Kuna upepo wa mwezi wa saba na wa nane unaobeba vumbi na kutikisa mabati. Kuna bodaboda, malori ya barabara ya Moyale, na helikopta za kambi za jeshi. Adhana hutoka misikiti kadhaa, na kila msikiti una dakika yake. Jirani yetu Mwislamu alituandikia saa za swala kwenye karatasi, nasi tukaibandika kando ya laptopu. Tangu hapo hatukuwahi kukatizwa katikati ya ubeti. Tulianza kazi baada ya isha. Na tuligundua kitu ambacho hatujakisoma mahali popote: bati lililochomwa na jua mchana kutwa hulia ta, ta, ta likipoa jioni. Masikio ya kawaida hayalisikii, lakini maikrofoni halisamehe. Kufikia saa tatu usiku bati limetulia. Kwa hiyo saa zetu za kazi zilikuwa tatu hadi sita usiku, na tunawashukuru waume na wake waliowangojea wanakwaya hao milangoni.

Adui wa pili alikuwa ndani ya waya, na huyu ndiye aliyetula wakati mwingi. Usiku wa kwanza kabisa tulisikia mvumo kwenye hedifoni: mmmmm, wa chini, usiokoma, hata bila mtu kuimba. Hapa ndipo tulipojifunza sheria ambayo tungependa kila kijana anayeguswa na kompyuta aishike. Sauti husafiri njia moja: mdomo, maikrofoni, waya, kisanduku, waya wa USB, kompyuta, programu, kisha hedifoni. Ukisikia tatizo, usiguse vitu vitano kwa pamoja. Badilisha kitu kimoja, sikiliza, kirudishe, ndipo ujaribu kingine. Mtu akivuta waya huku mwingine anabonyeza vifungo na wa tatu anaizima na kuiwasha laptopu, mvumo unaweza kuondoka, lakini hakuna atakayejua ni nani aliyeuondoa. Kesho utarudi, nanyi mtakuwa pale pale.

Basi tukachomoa maikrofoni: mvumo ukabaki. Kwa hiyo maikrofoni na waya wake hazina hatia. Tukabadilisha waya wa USB: ukabaki. Tukachomoa chaja ya laptopu, laptopu ikabaki kwa betri: kimya. Kimya kabisa, mpaka tukasikia saa ya ukutani. Chanzo kilikuwa umeme wa nyumba. Umeme wa Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde, na ukipata upenyo huingia kwenye sauti kama mvumo wa hezi 50, pamoja na wa hezi 100 juu yake. Wanakwaya wa besi mtafurahia hili: hezi 100 ni karibu sana na ile G ya chini ambayo ninyi huifikia mkishuka. Ndiyo sababu wimbo ulio katika ufunguo wa G uliuficha mvumo, mtu akasema "mbona uko sawa," lakini tulipopanda nusu-toni ukaonekana wazi kama mtu anayeimba wimbo mwingine.

Fundi wa stima alikuja akakuta soketi ya ile sebule haikuunganishwa na waya wa ardhi. Akaunganisha, mvumo ukaisha hata chaja ikiwa imechomekwa. Tunasema hili kwa mkazo kwa sababu kuna ushauri unaozunguka mitaani: kata ule mguu wa tatu wa plagi, mvumo utakwisha. Kweli unaweza kwisha. Lakini mguu ule uko pale ili stima ikivuja isipite mwilini mwako, nawe umeshika maikrofoni ya chuma, mdomo karibu nayo. Usikate. Fanya kazi kwa betri mpaka fundi aje.

Kuna kelele nyingine mnaijua wote, trr-trr-trr, trr-trr-trr, inayokuja sekunde chache kabla simu haijaita. Hiyo haina fumbo. Simu zote ziliwekwa kwenye kikapu, kikapu kikawekwa jikoni.

Tatizo la tatu lilihusu wakati. Mwimbaji akivaa hedifoni alisema anajisikia amechelewa, kana kwamba mtu mwingine anamwigiza nyuma yake. Hakuwa na wazimu. Kompyuta haishughulikii sauti kipimo kimoja kimoja. Hukusanya kifurushi, hukifanyia kazi, kisha hukitoa. Kifurushi kikiwa cha vipimo 1,024, kwa mwendo ule wa 48,000 kila sekunde, ni ucheleweshaji wa takriban milisekunde 21 katika kifurushi kimoja tu, na sauti hupitia zaidi ya kimoja, kuingia na kutoka. Hewani, sauti husafiri karibu mita 7 kwa muda huo wa milisekunde 21. Yaani ni kama kuimba huku sauti yako mwenyewe ikikujia kutoka upande wa pili wa ukumbi. Tulipunguza kifurushi hadi 128, ambacho ni kama milisekunde 3, malalamiko yakaisha.

Lakini kifurushi kidogo huibua taabu nyingine: kompyuta hukosa muda wa kukimaliza, na sauti hukatika kwa mlio wa pa, pa, kama chumvi kwenye mafuta ya moto. Na laptopu ikipata joto hujipunguzia mwendo ili isiungue, hivyo milio huzidi. Kwa joto la hapa kwetu, laptopu iliyowekwa juu ya blanketi haina maisha. Tuliinyanyua juu ya vipande viwili vya mbao ili ipumue, tukaipulizia vumbi kwenye feni, tukazima intaneti na programu zote zisizohitajika. Utaratibu tulioufuata mpaka mwisho ni huu: wakati wa kurekodi kifurushi kidogo, wakati wa kuchanganya kifurushi kikubwa, kwa sababu hapo hakuna anayeimba na kuchelewa hakumsumbui mtu.

Tatizo la nne liliwachanganya hata walimu wa muziki. Kinanda cha wimbo mmoja kilirekodiwa kwingine, kikaletwa kwenye flashi. Tulipokifungua, wimbo ulikuwa umepanda juu, soprano wanabanwa koo, na ulikwenda mbio. Mtu akasema mpigaji alibadilisha ufunguo. Mpigaji akaapa hakubadilisha. Wote walikuwa wakweli. Faili ile iliandikwa kwa vipimo 44,100 kila sekunde, na sisi tuliichezesha kwa mwendo wa 48,000. Ni kama kanda ya zamani kwenye redio yenye mota ya haraka. Sauti hupanda karibu nusu-toni moja na nusu, na wimbo wa dakika 5 huisha sekunde 24 hivi kabla ya wakati wake. Dawa yake ni kuiambia programu iibadilishe faili kwanza, kazi ya dakika moja. Kabla ya kumlaumu mpigaji kinanda, angalieni namba hizo mbili.

Mengine tutayapita haraka. Kiasi cha sauti inayoingia: kwenye kompyuta sifuri ndiyo dari, na juu ya dari hakuna nafasi. Sauti ikigonga dari hukatwa kichwa, na hakuna programu itakayokirudisha sawasawa. Tuliweka vilele vya sauti visizidi takriban desibeli 12 chini ya sifuri, maana mwanakwaya akiambiwa ajaribu huimba kwa adabu, akianza kurekodiwa Roho humshukia. Umbali: mwimbaji mmoja, shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, kundi la watu sita, zaidi ya mita moja, wenye sauti kubwa wakirudi nyuma hatua mbili. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa zamani waliokuwa na maikrofoni moja tu: uwiano ulipangwa kwa miguu. Na maikrofoni mbili zikitumika chumba kimoja, umbali kati yao uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja na waimbaji wake, la sivyo sauti ileile itafika mara mbili kwa nyakati tofauti na kuanza kujila yenyewe.

Stima ikipotea, na hilo halihitaji maelezo Isiolo, laptopu na kisanduku huendelea kwa betri. Kinanda ndicho hunyamaza. Kuna wimbo mmoja, wa saba, ambao mtasikia kinanda kikitoweka ubeti wa tatu na kwaya ikiendelea na ngoma mpaka mwisho. Baada ya kusikiliza, mwalimu alisema tusirudie, ni bora hivyo. Tunakubaliana naye.

Sasa kuchanganya. Wengi hudhani kuchanganya ni kuongeza. Kazi yetu ilikuwa kupunguza, siku baada ya siku. Wimbo mmoja ulikuwa na mistari 16: sauti nne zilizorekodiwa mara mbili mbili, viongozi wawili, ngoma mbili, kayamba, kinanda, gitaa la besi, na makofi. Kila mstari ukisikilizwa peke yake ni mzuri. Yote kwa pamoja ni soko la mifugo siku ya mnada.

Tulianza kwa kushusha kila kitu hadi kimya, kisha tukapandisha sauti za watu peke yake. Tunajua studio nyingi huanza na ngoma na besi. Kwa muziki wa kucheza wana sababu yao. Sisi tulibishana usiku mmoja mzima na tukakubaliana kwamba katika wimbo wa kanisa neno likipotea wimbo umepotea, kwa hiyo neno lipate kiti kwanza na vyombo vikae panapobaki. Kinanda kilipoingia mwishoni, kilihitaji kidogo sana. Wapigaji wetu wa kinanda wametusamehe, nadhani.

Kila mstari wa waimbaji, isipokuwa besi, tulikata sauti zote zilizo chini ya hezi 100. Huko chini hakuna mwanadamu wa soprano. Kuna nyayo, upepo na lori. Ukikata mara moja husikii tofauti. Ukikata kwenye mistari minane, wimbo mzima husafishika kama kioo kilichofutwa vumbi. Besi tuliwakata chini ya hezi 60 tu. Halafu kuna lile eneo la hezi 250 hadi 500, ambalo katika sebule ndogo hujaa na kufanya watu wasikike kana kwamba wanaimba ndani ya pipa, tulipunguza kidogo. Konsonanti, zile k na t na ch zinazomfanya mtu aelewe ubeti bila kitabu, ziko juu, kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kinanda nacho hupenda kukaa hapo hapo. Badala ya kuwapandisha waimbaji, tulikishusha kinanda katika eneo hilo, na bibi mmoja aliyeketi jikoni akasema, "Sasa nasikia mnachosema." Hakuna kipimo cha kompyuta kinachoshinda ushahidi huo.

Mwangwi tulitumia mmoja kwa wote. Ukimpa kila mtu mwangwi wake, mmoja atasikika yuko kanisani, mwingine bafuni, wa tatu bondeni. Kwaya ni watu waliosimama mahali pamoja.

Tuliposema tumemaliza, tukapeleka wimbo kwenye vipimo vya mtaani: simu ya kawaida, redio ya dukani, gari la muumini mmoja, na spika za kanisa. Spika za simu nyingi na redio nyingi ndogo huunganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo sauti zilizokuwa zimesambazwa kwa madaha hugongana. Wimbo wa nne ulipoteza soprano yote kwenye simu. Tulirudi tukawasogeza katikati. Tulisikiliza pia kwa sauti ndogo kabisa. Ukiweza kufuata maneno wakati mtu anakaanga vitunguu, uwiano uko sawa. Na tulilinganisha kazi yetu na rekodi za kwaya kubwa, zote zikiwa kwenye kiwango kimoja cha sauti, maana sikio la binadamu hudanganyika kirahisi: chenye kelele zaidi hulionekania bora. Kwa sababu hiyo hiyo tulikataa kuubana wimbo ili upige kelele kuliko wengine. YouTube hushusha yenyewe wimbo wowote unaozidi kiwango chake, kilicho karibu na LUFS 14 chini ya sifuri. Utakuwa umeubana bure na umepoteza pumzi za waimbaji.

Tumefika kwenye swali la pili.

Mnaukumbuka wimbo wa matoleo wa Kiturkana ambao mama yetu aliuongoza kwa ngoma na kayamba tu, bila kinanda. Alirekodiwa usiku mmoja, mara mbili, akakataa ya tatu. "Nimeshamwimbia," akasema. Tulipoanza kuchanganya alikuwa ameshatutoka. Vijana wawili wa kamati, kwa upendo kabisa, walileta pendekezo: kuna programu inayoonyesha kila noti, ikitia rangi nyekundu zilizo nje ya mahali pake, na ukibonyeza inazivuta mahali pake. Programu ya kwanza iliyojulikana sana kwa kazi hiyo, Auto-Tune, ilitoka mwaka 1997, na mbunifu wake Andy Hildebrand alikuwa amefanya kazi ya kutafuta mafuta chini ya ardhi kwa kutumia mitetemo. (Kwetu Isiolo tumengoja bomba la mafuta miaka mingi; tumepata huo ujuzi mwingine kwanza.) Wazo la vijana lilikuwa kwamba mama apewe heshima ya kusikika bila doa.

Wazee walisema hapana, lakini hawakuwa na sababu ya kiufundi, walisema tu "huyo hatakuwa yeye." Kukawa na baridi kwenye kamati kwa wiki mbili. Hatutaki kuificha, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinamlilia mtu mmoja.

Kilichotusaidia ni kufanya kama tulivyofanya na mvumo: kuchunguza kitu kimoja kimoja badala ya kubishana juu ya vyote. Tukaorodhesha noti zilizotiwa nyekundu. Nyingi mno zilikuwa noti moja: mi. Na kila mara ilikuwa chini kwa kiasi kinachokaribiana. Mtu anayekosea hukosea huku na huku. Mama huyu alikuwa akirudi mahali pamoja kila ubeti. Mwalimu wetu ndiye aliyetufungua macho. Programu hupima kwa rula ya kinanda, na kinanda hugawanya oktavu katika nusu-toni 12 zilizo sawa ili kiweze kupiga ufunguo wowote. Ni makubaliano ya mafundi. Watu wanaoimba bila kinanda, wakisikilizana, huishusha mi ikatulia juu ya do bila mawimbi, na mi hiyo iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 14, ukichukulia nusu-toni moja ni senti 100. Tukapima upya. Mi yake ilikuwa hapo hapo. Tukapima na walioitikia nyuma yake, wakiwamo hao vijana wawili: nao walikuwa wamemfuata, wote wako chini ya kinanda, wote wamekaa pamoja.

Kama tungemvuta yeye peke yake juu, angekuwa amegombana na kwaya yake mwenyewe.

Zilibaki sehemu tatu ambazo kweli pumzi ilimwishia na sauti ikashuka mwishoni mwa ubeti. Hizo tuliziacha kwa hoja ya wazee, na vijana ndio waliopendekeza ziachwe. Tulichomfanyia ni hiki tu: tulikata lori moja lililopita kwa mbali, tukapunguza zile hezi za pipa, tukampandisha desibeli 2 kwenye ubeti wa mwisho ambako alikuwa amechoka, na tukampa mwangwi ule ule wa wenzake. Kukohoa kwake kabla ya kuanza kumebaki pia. Familia iliulizwa, ikasema kibaki.

Jambo la mwisho ni faili. Dakika moja ya mstari mmoja huchukua karibu megabaiti 9. Wimbo wa mistari 16 wa dakika 5 ni karibu megabaiti 700, na nyimbo zote 12 ni gigabaiti 8 na kitu. Hiyo ni nafasi ndogo leo. Flashi ya mjini inaitosha. Lakini kila diski hufa siku moja, na flashi hupotea kwenye mifuko ya suruali. Kwa hiyo kuna nakala tatu: moja kwenye laptopu ya kwaya, moja kwenye diski iliyofungiwa ofisini kwa paroko, na moja iko kwa mwanakwaya anayeishi Meru, ili moto au mwizi wa hapa asimalize zote. Kila nakala ina mistari yote peke yake, wimbo uliochanganywa, na karatasi yenye maneno na majina ya walioimba. Wajukuu wakitaka kuchanganya upya kwa vifaa vyao, watakuta kila sauti iko peke yake.

Nyimbo zitachezwa uani baada ya chakula. Mwenye kutaka nakala alete flashi tupu, tafadhali iwe tupu kweli, kwa katibu wa kwaya. Wanaotaka kujifunza kazi hii, wasichana kwa wavulana, waje Jumamosi baada ya mazoezi; laptopu ipo na magodoro bado yamesimama. Na bado kuna wazee wanne ambao sehemu zao hatujazirekodi. Wenye gari wa kuwaleta usiku baada ya isha na kuwarudisha nyumbani, mtuone leo kabla hamjaondoka.